Maziwa ya Ng'ombe Aliyebaki

Mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya kuacha kibarua cha hoteli kule Galu, nilikaa miezi kadhaa karibu na Msambweni nikichunga ng'ombe wawili wa mama mmoja aliyetoka bara. Alinipa chumba na chakula. Maziwa aliwauzia majirani, na mteja wa kwanza kila asubuhi alikuwa mvuvi wa nyumba ya pili, ambaye mkewe hakuwa na maziwa ya kumtosha mtoto wao mchanga.

Nyuma ya nyumba yake mvuvi huyo alivunja betri kuukuu za magari, akayeyusha risasi iliyomo ili apate chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu. Nilipenda kumtazama akiimimina kwenye vishimo vya mchanga. Majivu na vipande vya betri vilibaki pale pale chini, na ng'ombe wetu wakipita lazima walambe. Sote tulisema wanatafuta chumvi.

Mmoja akaanza kusaga meno, kisha akawa anagonga minazi kama haoni. Majirani walisema ameumwa na nyoka. Wengine wakasema ni jicho la mtu. Alikufa kichwa amekiegemeza ukutani mwa zizi. Daktari wa mifugo alimpasua, nami nikainama nione. Katikati ya majani tumboni mlikuwa na vipande vya kijivu. Nilikiosha kimoja; kilikuwa kidogo lakini kizito.

"Risasi," akasema daktari. "Huyu wa pili walikuwa wakila pamoja?"

"Kila siku."

"Basi maziwa yake yasinywewe mpaka tupime damu. Kuchemsha hakusaidii. Na wanaodhurika zaidi ni watoto."

Ng'ombe aliyebaki alikuwa anakula vizuri, maziwa yake meupe kama kawaida. Ilibidi tumkamue vivyo hivyo, kiwele kisivimbe.

Kesho yake mvuvi alipiga hodi, chupa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo sina maziwa, baba."

"Mbona nimemsikia kijana akikamua?"

"Hayo ni ya kumwaga."

"Mama, kama una kinyongo nami kwa ajili ya ng'ombe wako, niambie. Usimwadhibu mtoto."

"Ni huyo mtoto ninayemfikiria. Daktari amekataza, anasema risasi huingia kwenye maziwa."

"Hiyo risasi naishika kila siku. Mbona sijafa?"

"Unaishika, huili," nikasema.

Akanigeukia. "Na wewe mchunga ng'ombe umekuwa daktari lini?"

"Tangu jana. Nilishika utumbo."

Hakucheka. Mjukuu wa mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha uji. Mvuvi akachungulia ndani ya kikombe. Uji ulikuwa wa maji matupu, na ndoo ya maziwa ilikuwa imejaa hatua chache kutoka pale. Mtoto aliinyooshea kidole, akilia.

"Huyu naye hapewi?"

"Hapewi."

Mvuvi alizungusha kifuniko cha chupa. Kisha akauliza, sauti yake chini, "Na yale aliyokwisha kunywa wangu?"

Mama alimbeba mjukuu wake, akajitanda leso.

"Kamchukue mtoto wako," akasema. "Huyu wangu alikunywa pia. Twende hospitali pamoja, tukawaulize wao."

Waliondoka, na mimi nikabaki nikimwaga maziwa shimoni.