Mlishaji wa Seli za Saratani

Jua limeshatoka, lakini mwanamke huyu anaanza kazi kwa kufunga mapazia na kuzima taa. Anabakiza moja ndogo ya njano, anavaa glavu na kutoa kabatini chupa iliyofungwa foili.

"Hii ikipigwa na mwanga, kwisha habari yake," anasema.

Ndani mna dawa inayotokana na vitamini A. Yeye ni msaidizi wa maabara. Analisha seli za saratani ya matiti zinazooteshwa kwenye visahani, anazitia dawa, kisha anazihesabu ili watafiti wajue kama kasi ya kukua inapungua. Wenzake humwita Mama Lishe.

"Ila wateja wangu hawana shukrani," anatania.

Dada yake mkubwa alikatwa titi miaka minne iliyopita, akapona. "Nilizilisha seli hizi huku nikizichukia," anasema.

Mwaka jana mambo yaliharibika. Seli zilizotiwa dawa ziliongezeka sawasawa na zile zisizotiwa. Daktari anayeongoza utafiti akawa tayari kuandika kwamba dawa haifai.

Ndipo Mama Lishe alipokumbuka chupa mpya zilizokaa wiki nzima dirishani bila foili. Mkataba wake ulibakiza miezi miwili tu. Hata hivyo alimfuata daktari ofisini.

"Daktari, samahani. Dawa iliharibiwa na mwanga. Na aliyeiweka dirishani ni mimi."

Daktari aliweka kalamu chini. "Basi tunarudia, mama. Afadhali umesema."

Siku ya sita ya jaribio jipya, visahani vyenye dawa vilikuwa na nusu tu ya seli za vile vingine. "Nilihesabu mara tatu. Nikaenda kumvuta daktari mkono aje kuona."

Daktari anatahadharisha: "Hizi ni seli za kwenye kisahani, si mgonjwa. Safari bado ndefu."

Dada yake Mama Lishe hakusubiri safari hiyo. Aliposikia vitamini A, alirudi nyumbani na gunia la karoti.

"Dada, karoti si dawa ya saratani. Na vidonge vya vitamini A usije ukavibugia, vikizidi vinaumiza ini."

"Sasa hizi zote nani atakula?"

Majirani walikunywa juisi wiki nzima.

Mkataba umeongezwa, na mwezi ujao, akiwa na miaka arobaini na mmoja, Mama Lishe anaanza stashahada ya maabara.

"Nataka siku moja jina langu liwemo kwenye ripoti, hata mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo," anasema. "Dada atavaa miwani."