Mkono Uliomkataa Mkwe

Nilikuwa nakaanga mapanki pale Mkuyuni, ile mifupa ya sangara inayotoka viwandani minofu ikishaenda Ulaya, mkono wa kulia ukaanza visa. Nageuza samaki, kijiko hicho ndani ya mafuta. Majirani wakasema nimerogwa. Nikawajibu, mchawi gani mwenye akili atahangaika na muuza mifupa?

Picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe kwenye ubongo, umekaa jirani na sehemu inayoendesha mkono. Daktari hakunificha.

"Mama, nitakupasua ukiwa macho. Kuna ganzi, hutaumia. Mtu atakushika mkono, nikisema bana, unabana. Ukilegea nitajua nimefika pabaya, nitaacha hapo hapo hata kama uvimbe haujaisha."

"Sawa. Ila mkono usiniharibie. Ndio unaonilisha."

Siku yenyewe nikalazwa, kichwa kimenyolewa kama yai, watu wote wamefunika midomo. Mmoja akanishika kwa ncha za vidole, kama anayepima joto la sufuria.

"Shikamoo, mama."

Sauti ile niliijua. Ni mume wa binti yangu, muuguzi wa hospitali ile. Sasa, kwetu Wasukuma mama na mkwewe hawapeani mikono. Hata njiani tunapishana kwa mbali. Na hapo mimi nina upara! Sikuitikia, nikingoja adabu imtoe mwenyewe.

"Bana, mama," daktari akasema nyuma ya kichwa changu.

Nikatulia.

"Bana kwa nguvu!"

Wapi.

"Anabana?"

"Habani, daktari," mkwe akajibu. Sababu aliijua, ila aliona aibu kuisema.

Daktari akashusha pumzi. "Basi, nimegusa penyewe. Tunafunga. Uvimbe uliobaki ubaki."

"Ubaki wapi?" nikafoka. "Mkono ni mzima! Siwezi kumbana mkwe wangu!"

Daktari akasimamisha kazi.

"Mkwe yupi?"

"Huyo aliyenishika. Mtoeni, aje mwanamke."

Kuna aliyeanza kucheka. Nikamwambia acheke kichwa changu kikishafungwa. Mkwe akatoka mbio. Akaja nesi mnene, akanipa mkono wote.

"Bana, mama."

Nikabana.

"Mama weee, vidole vyangu!"

"Safi kabisa," daktari akasema. "Endeleeni."

Tukaendelea hivyo, mimi nabana, yeye anapiga kelele, daktari anafurahi, mpaka uvimbe ukatoka.

Kesho yake binti yangu akaja wodini amevimba kwa hasira.

"Mama, umemwaibisha mume wangu mbele ya wakubwa wake!"

"Na wewe umeolewa na mtu asiyejua kusema 'huyu ni mama mkwe'?" Nikamnyooshea kidole.

Akafungua mdomo anijibu, kisha akakikodolea macho kile kidole. Nami nikakitazama. Kilikuwa cha mkono wa kulia, kimenyooka, hakitetemeki hata kidogo. Akaanza kulia.

Nikamwambia anyamaze, nilikuwa bado sijamaliza kumgombeza.