Utani wangu wa sekunde ishirini ulivyofunga toroli la dada wa "sambusa za Mchina" Nachingwea

Wakuu, habari za mchana.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi, siyo rafiki yangu wala jirani. Chumvi sijaongeza. Ningekuwa natunga ningejiweka sehemu nzuri kidogo.

Mimi ni fundi simu Nachingwea mjini. Kwa kazi hii namba yangu wanayo watu wengi, mjini na vijijini, mpaka upande wa Ruangwa. Nikiweka status inaangaliwa kweli kweli. Nilikuwa najiona mtangazaji.

Mwaka jana alikuja dada mmoja akaweka toroli karibu na stendi. Nitamwita Somoe, siyo jina lake.

Alikuwa amefanya kazi Dar miaka kadhaa kwenye jiko la mgahawa wa Wachina, akarudi na ujuzi wake. Toroli lina kabati la kioo, chini jiko la gesi, juu sufuria zenye matundu zimepandana, mvuke unatoka muda wote.

Anauza vitu tulivyozoea kuviona kwenye simu tu. Spring roll, tambi za kukaanga na mboga, na dampling, yaani unga wa ngano umesukumwa mwembamba, ndani nyama, halafu zinaiva kwa mvuke.

Watu wakaziita sambusa za Mchina. Mwenyewe Mmwera kabisa, Muislamu, mtandio hautoki kichwani.

Nikaenda na jamaa zangu wawili. Akanipa kibakuli na vijiti viwili vya kulia. Vijiti vikanishinda, dampling ikaruka ikaangukia mchangani, watu wakacheka. Nikaamua kula kwa mkono.

Wakuu, zilikuwa tamu. Kuku, kabichi, tangawizi, mafuta ya ufuta kwa mbali, na sosi fulani nyeusi yenye pilipili. Nilikula tano.

Ila nilikuwa nimechekwa mbele za watu, na mimi nikataka kuchekesha. Nikatoa simu nikajirekodi nimeinua moja:

"Wadau, nyama laini hivi, inateleza hivi, mna uhakika ni kuku? Isije ikawa kitimoto hii!"

Jamaa zangu wakaangua kicheko. Hata Somoe alicheka, akasema, "Kaka, una maneno wewe."

Nikaweka status. Sekunde ishirini tu.

Kesho yake mchana nikaikuta kwenye grupu la kijijini kwetu Chiola. Kicheko cha mwisho kimekatwa. Limebaki swali langu peke yake, na juu yake mtu kaandika: TAHADHARI WAISLAMU, STENDI MNALISHWA NGURUWE.

Hapo hapo ningeweza kusema. Sikusema.

Watu walikuwa wananisifia. "Fundi katufumbua macho." "Allah akulipe fundi." Nikasoma zote. Na niwe mkweli, nilifurahia.

Siku ya tatu Somoe akaja kibandani kwangu. Hakupiga kelele. Alisubiri mteja aondoke ndipo akasema:

"Kaka, wewe ulikula tano. Ulisikia ladha ya nguruwe?"

"Hapana dada. Ule ulikuwa utani."

"Basi waambie, hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Kuku nanunua wazima, anachinja mzee pale sokoni. Twende ukamuulize."

"Hakuna haja, nakuamini. Kesho nitarekodi nyingine."

"Kweli, kaka?"

"Kweli dada, usijali."

Kesho yake nikajiambia nina simu nyingi za kutengeneza. Keshokutwa nikawaza, nikirekodi nitaonekana muongo, wateja watanikimbia. Nikaanza kupita njia ya nyuma ili tusikutane.

Siku moja nilimchungulia kwa mbali. Saa saba mchana, muda wa watu kula, amekaa nyuma ya toroli peke yake, mvuke unatoka. Mama mmoja akapita kaziba pua kwa upande wa khanga, makusudi, ili aonekane. Somoe akainamisha kichwa, akawa anafuta kioo ambacho hakikuwa na uchafu.

Hata hapo sikwenda.

Baada ya wiki kadhaa nikakuta toroli lile lile, jamaa mwingine anakaanga chipsi. Kaniambia mwenyewe kaliuza, karudi kwao Narung'ombe.

Ndipo nikarekodi. Nikasema wazi kwamba yule dada nilimzulia, ni kuku. Hakuna hata mmoja aliyeisambaza. Jamaa mmoja akanijibu, "Kakuhonga nini?"

Nikapanda pikipiki mpaka Narung'ombe. Nilimkuta uani anapepeta ufuta. Akanikaribisha, akanipa maji. Nikamuomba msamaha.

"Nilishakusamehe, kaka," akasema. "Mimi siyo shida. Shida ni mama. Tangu asikie ile video, hali nilichopika."

Mama yake ni mtu mzima sana, Kiswahili chake cha kuokoteza. Nikamwamkia, nikachuchumaa mbele yake, nikaeleza yote. Somoe akawa anamtafsiria kwa Kimwera. Yaani yeye mwenyewe ndiye anatafsiri maneno ya kumsafisha.

Mama akauliza kitu kifupi.

Somoe akanigeukia. "Anauliza, kwa nini hukusema siku ile ile?"

Somoe akasubiri nijibu ili atafsiri. Akasubiri. Mwisho akarudi kwenye ungo wake.

Mchana walipakua. Ugali na kisamvu cha Somoe huku, kule kisufuria kidogo alichojipikia mama. Nilikula cha Somoe mpaka sahani ikawa nyeupe, mama akiniangalia. Yeye aliendelea na chake.

Niliondoka hivyo.

Wiki iliyopita mteja kaniletea simu imejaa, anataka nipunguze vitu. Nikaikuta video yangu humo. Nikamwambia, hii naifuta, ni uongo, na muongo mwenyewe ni mimi.

Akasema, "Iache fundi. Hiyo ina faida."

Nilichojifunza ni kimoja. Siku ile ya kwanza, palipokuwa na grupu moja tu, kusema ukweli kungenigharimu aibu ya jioni moja.

Uwanja wenu, wakuu. Anayejua namna ya kumfikia yule mama moyoni, anisaidie. Wa kunisema aniseme pia, nitasoma zote. Na kama ile video umeihifadhi kwenye simu yako, nakuomba uifute leo.