Jua la Siku ya Mvua

Mtaani walimwita mume wangu Bwana Jua, na hawakukusudia heshima. Akipita asubuhi, mtu angempigia kelele kutoka kibarazani, "Bwana Jua, kesho litachomoza?" Naye bila kupunguza mwendo angejibu, "Muulize jogoo wako. Zamu yangu mimi huanza saa tatu." Niliona haya kwa niaba yake. Nilikuwa mwalimu, baadaye mwalimu mkuu, binti wa nyumba iliyosoma, na nimeolewa na mtu ambaye jirani zetu walidhani analipwa mshahara kwa kutazama jua.

Hakuwa akilitazama. Hilo ndilo ambalo hawakulielewa. Kituo cha hali ya hewa kilikuwa ng'ambo ya ua kutoka nyumba yetu ya kazi: ofisi ya vyumba viwili, kipimo cha mvua, sanduku jeupe la vipimajoto lenye miguu mirefu, na kibanda cha bati ambacho paa lake lilisukumwa pembeni kwa mkono. Ndani ya kibanda mlikuwa na darubini fupi ya shaba, na nyuma yake ubao uliobanwa karatasi. Mume wangu alisimama akilipa jua mgongo, akaielekeza darubini kwa kufuata kivuli chake, na jua likashuka lenyewe juu ya karatasi: duara jeupe la upana wa sahani, kingo zikitikisika kidogo kama kitu kilicho ndani ya maji. Humo mlikuwa na madoa. Mengine madogo kama ufuta. Mengine makubwa, meusi katikati, yenye pindo la kijivu lililochanikachanika.

"Hili hapa," aliniambia mara ya kwanza, akilielekezea ncha ya penseli, "dunia yetu nzima ingetumbukia isiguse ukingo."

"Pamoja na shule yangu?"

"Pamoja na shule yako na kengele yake."

Kazi yake ilikuwa kuyafuatisha madoa hayo kwa penseli ngumu, upesi, maana jua halimsubiri mtu. Usipoizungusha skrubu ya darubini linateleza nje ya karatasi. Kisha aliandika saa, hali ya anga na sahihi yake. Karatasi moja kwa siku, kila moja na namba yake ya muhuri. Hata akiwa likizoni, ikifika saa tatu alivuka ua. Kukiwa na wingu aliliacha duara tupu, akaandika ndani yake neno moja: Wingu.

"Jua ni mgeni wangu," alikuwa akisema. "Asipokuja, naandika hakuja. Siwezi kuandika kwamba alikuja akanywa chai."

Siku moja tu mtaa haukumcheka. Sayari ya Zuhura ilikuwa inapita mbele ya jua, jambo ambalo wengi huzaliwa na kufa bila kulikuta, naye akaniomba nilete wanafunzi. Walipanga mstari kuzunguka ua mzima na kuingia kibandani wanne wanne. Juu ya karatasi, kati ya yale madoa yaliyochanika, palikuwa na kitone kimoja cheusi, cha mviringo kabisa, kama kilichokatwa kwa mkasi, kikitambaa taratibu kutoka ukingo hadi ukingo. Watoto wanaopiga kelele hadi usingizini walinyamaza. Mvulana mmoja wa darasa la saba aliingia, akatoka, akarudi mwisho wa mstari, mara tatu. Nilimwona, nikajifanya sikumwona. Jioni hiyo nilijivunia mume wangu mbele za watu, na nikakiri moyoni kwamba nilikuwa nimechelewa.

Labda majivuno hayo ndiyo yaliyonifanya nitende nililotenda.

Ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja kituoni. Katika miaka yote hiyo hakukuwa na siku hata moja isiyo na karatasi, na makao makuu yalikuwa yameandika kwamba mkaguzi angekuja mwisho wa mwezi kumpa hati ya sifa kwa ajili hiyo. Wiki moja kabla, homa ikamwangusha. Alfajiri alijaribu kuamka, miguu ikamkataa. Nje mvua ilikuwa inamwagika. Aliniambia, meno yakigongana, "Fungua kitabu. Karatasi ya leo. Andika, mpimaji mgonjwa. Basi."

Nilivuka ua chini ya mwavuli na kitabu nikakileta sebuleni. Ile karatasi tupu iliniudhi; machoni pangu hata neno Wingu lilikuwa pengo. Miaka kumi na moja bila pengo, halafu niandike kwa mkono wangu mwenyewe kwamba pengo hili hapa? Nilimfikiria mkaguzi akiinua nyusi. Nikaifikiria ile hati ukutani, mahali ambapo wageni wangeiona kabla ya kuketi. Nikaichukua karatasi ya jana, nikaweka ya leo juu yake, nikazibana kwenye kioo cha dirisha, na kwa mwanga ule hafifu nikafuatisha. Kila doa mahali pake, kila pindo. Nina mkono mzuri. Miaka mingi ya ubao na chaki. Nikanakili hali ya anga, nikaiga sahihi. Mvua ilikuwa inakipiga kioo kilekile wakati naandika juu yake: Anga safi.

Nilijiambia kwamba jua ni lilelile, la jana na la leo. Nilikuwa nimefundisha jiografia miaka mingi. Nilijua dunia inajizungusha, na niliwachapa watoto waliosahau. Hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba jua nalo linajizungusha, na kwamba madoa yake husogea kila siku kwa upana wa kidole na zaidi, hadi yanapotelea ukingoni. Nilikuwa nimelala nyumba moja na mtu aliyejua hilo kuliko wote, na sikumuuliza.

Siku mbili zilizofuata mvua haikukatika; nilimpelekea karatasi kitandani, naye akaandika mwenyewe: Wingu. Siku ya nne alipata nafuu, akavuka ua. Alirudi na kitabu mkononi, akakiweka mezani, akakaa. Nilingoja anishukuru.

"Umelisimamisha jua, Mwalimu," alisema.

"Nimekulindia jina lako."

"Jana yake doa hili lilikuwa hapa." Akaweka kidole. "Siku yenyewe, kwenye mvua, liko hapahapa. Jamani mke wangu, hata mbuzi wa jirani angejua."

"Basi ichane."

"Ina namba. Nikichana naandika sababu. Nikiandika sababu, nakuandika wewe."

Alikuwa akicheka aliposema habari ya mbuzi. Kisha hakucheka tena. Kughushi karatasi ya serikali kungenitoa shuleni, na wakati ule ndio nilikuwa nasubiri barua ya kuwa mwalimu mkuu. Alilijua hilo. Mimi pia. Mkaguzi alikuja, akafunua haraka haraka, akatoa hati. Tuliitundika. Mume wangu hakuwahi kuketi kwenye kiti kinachoielekea.

Miaka kumi na saba ilipita hivyo. Ndipo wataalamu waliokuwa wakikusanya michoro ya jua kutoka vituo vingi wakaomba yetu. Nilimwona akifurahi kwa mara ya kwanza bila kuficha. Zaidi ya karatasi elfu kumi, zingewekwa pamoja na za wenzake ambao hakuwahi kuwaona, na mtu wa miaka mia ijayo angezisoma. Mtu asiyepata mtoto hufikiria mambo kama hayo. Hatukuwa na mtoto.

Walikuja watu watatu. Walikuwa wamezipima kwa mashine zao, na mashine ilikuwa imegota kwenye karatasi moja. Walimwekea mbele, na pembeni yake daftari la mvua la siku hiyohiyo.

"Mzee, hii umeichora wewe?"

"Kitabu ni changu," alijibu.

"Hatujauliza kitabu."

"Na sahihi ni jina langu."

Hakusema kwamba aliichora. Uongo hakuusema hata pale. Aliwaacha tu wafike wenyewe walikokuwa wanakwenda. Waliandika kwamba michoro ya kituo haiaminiki, yote, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Mimi nilikuwa jikoni nawapangia vikombe, mlango ukiwa wazi, nikisikia kila neno. Ilikuwa hatua saba kutoka pale hadi sebuleni. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu kwa heshima. Nikaongeza sukari kwenye kopo lililokuwa limejaa.

Alifanya kazi miezi saba zaidi. Karatasi hazikutakiwa na mtu, lakini saa tatu alivuka ua. Wenzake wa ofisini walikuwa na utani mpya: "Mzee, leo limetembea au limekaa?" Huo hakuujibu. Alifariki miaka miwili baada ya kustaafu, katika nyumba ileile ya kazi tuliyokuwa tumeuziwa, na msibani, mdogo wake aliposema kwamba marehemu alikuwa mkweli, mtu mmoja safu ya nyuma alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

Kikohozi hicho kilinikosesha raha kuliko kifo chenyewe. Baada ya arobaini nilimwita shemeji yangu, nikamweleza yote. Alinisikiliza akizungusha kofia yake mikononi.

"Shemeji," akasema, "maji yakimwagika hayazoleki. Ndugu yangu amezikwa na lake. Sasa unataka tuwe na mwongo mmoja marehemu na mwingine hai?"

"Marehemu hakuwa mwongo."

"Watu wameshazoea kwamba alikuwa. Na wewe wamezoea kwamba ni Mwalimu. Nyumba ina jina moja limebaki, unataka ulitupe shimoni?"

Maneno hayo yangekuwa yangu. Kwa miaka mingi yalikuwa yangu. Kuyasikia kinywani mwa mwingine kulinifanya nichukue kalamu usiku uleule na kuandika nilichotenda.

Nilikwenda kituoni na barua. Mkuu wa kituo alisimama nilipoingia. "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa yule mvulana aliyepanga mstari mara tatu. Aliisoma barua, akaisoma tena, akavua miwani.

"Mwalimu, naomba usinielewe vibaya. Wakiipata hii makao makuu, watauliza swali moja tu. Kama ulichora moja, nani atasema hukuchora nyingine?"

Nilikuwa nimejiandaa kudharauliwa. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Kwa sababu zile nyingine jua linatembea," nikasema. "Zipimwe."

"Elfu kumi, Mwalimu? Nani atazipima tena?"

"Mimi."

Akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. Lakini akanipa ufunguo wa stoo.

Ni mwaka wa pili sasa. Nakaa kwenye kiti cha ofisi chenye mguu uliofungwa waya, na rula, na miwani ya pili juu ya ya kwanza. Nimepima elfu tatu na mia nane. Madoa yote yanasogea. Siku za wingu zimeandikwa Wingu. Kila mwezi napeleka orodha, na kila mwezi jibu ni lilelile: tumepokea. Niliomba niiandikie ile karatasi yangu maneno aliyoniagiza, mpimaji mgonjwa. Mkuu wa kituo alisema kumbukumbu haiandikwi juu yake. Yuko sahihi. Mume wangu angesema hivyohivyo.

Shemeji haji tena nyumbani kwangu. Ile hati nimeishusha. Ukuta nyuma yake ulikuwa umebaki na rangi ya zamani, mraba mzuri, na wageni sasa wanauliza palikuwa na nini.

Wiki iliyopita nilifika kwenye karatasi ya siku ya nne, ile aliyoichora alipotoka kwenye homa. Sikuwahi kuiona, siku ile macho yangu yote yalikuwa kwenye ya kwangu. Madoa yako mbali na nilipoyaacha, karibu na ukingo, panapostahili. Mistari imepindapinda kama ya mtoto. Na pale chini, penye hali ya anga, ameandika: Anga safi. Mkono wa mpimaji unatetemeka.

Mtu aliyeandika hata mtetemo wa mkono wake ndiye waliyemwita mwongo sebuleni kwangu, nami nilikuwa hatua saba kutoka pale, nikijaza sukari.