Gemu bora kuliko zote nilikutana nayo Vidunda, siku ya posa yangu

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo.

Kuna uzi humu wa gemu bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, naona umefika page ya kumi na watu wameshaanza kutukanana. Nimeona nisichangie kule kwa sababu kisa changu ni kirefu. Nitakisimulia kilivyotokea, na pale nilipofanya ujinga nitasema nilifanya ujinga.

Mimi ni mzaliwa wa Kilosa, Mabwerebwere. Kwa sasa niko Mikumi, nina banda la gemu karibu na barabara kuu. Screen nne, feni mbili, inayofanya kazi moja. Wateja wangu wakubwa ni bodaboda na madereva wa malori wanaopumzika kabla ya kuendelea na safari ya Iringa.

Kwa hiyo hii ndiyo kazi yangu. Gemu za mpira, za magari, za ngumi, za vita, zote zimepita kwenye mikono hii. Ungeniuliza miaka mitatu iliyopita gemu bora ni ipi, ningekujibu ya mpira kabla hujamaliza swali.

Sasa nikampenda mwalimu. Tumwite Vero. Anafundisha shule ya msingi hapa hapa Mikumi, kwao ni Vidunda, kule juu milimani.

Baba yangu mdogo, ambaye ndiye alikuwa mshenga, akapeleka barua. Jibu likarudi kwa mdomo: kijana aje mwenyewe.

Kwa wasiojua, kwa kina Vero mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Baba mzazi anaweza kukukubali, ukala ukashiba, lakini mjomba akikataa umeondoka na kijiti cha meno tu. Na huyu mjomba aliuliza swali moja: kijana anafanya kazi gani? Alipoambiwa, akasema hawezi kutoa mtoto kwa mtu ambaye kazi yake ni mchezo.

Siku ya kwenda mvua ilikuwa imenyesha. Kilima cha mwisho mimi na baba mdogo tulishuka tukasukuma pikipiki. Nilifika ukweni suruali yangu imebaki safi kuanzia magotini kwenda juu.

Tukakaribishwa. Nikatoa shikamoo kwa kila mtu, mpaka kwa dada mmoja ambaye baadaye niligundua nimemzidi umri.

Mjomba ni mzee mwembamba, mkulima wa maharage na ndizi, anaongea taratibu. Akaniuliza:

"Unalima?"

"Nalima kidogo mzee. Ekari moja Mvumi, shamba la baba."

"Na siku nyingine zote?"

"Nina banda la gemu."

"Yaani watu wazima wanatoka makwao wanakuja kwako kucheza."

"Ndiyo mzee."

"Wakimaliza wanaondoka na nini?"

Wakuu, swali hilo nililijibu vizuri sana wiki nzima iliyofuata, nikiwa naoga. Pale nilisema tu, "Wanaondoka hivyo hivyo."

Baba mdogo akakohoa. Mjomba akanyanyuka, akasema anakwenda kugeuza maharage yake yaliyoanikwa, atarudi tuongee.

Tukakaa. Nusu saa ikapita, mzee haonekani. Nikaomba kwenda chooni, nikaelekezwa nyuma ya nyumba.

Nikiwa napita karibu na jiko nikasikia mlio. Ti. Ti. Ti.

Mlio ule naujua. Nilikua nao.

Nikachungulia. Mjomba kakaa kwenye kinu kilicholazwa, maharage hajayagusa, ameinamia simu ya kitochi. Anacheza gemu ya nyoka.

Mwenye akili angerudi ndani kimya kimya. Mimi nilisogea. Nyoka wake alikuwa amejaa skrini nzima na alikuwa anakwenda kujigonga mkia. Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Kata kushoto mzee."

Akakata. Nyoka akapona. Hakugeuka wala kushtuka, akauliza tu, "Halafu?"

"Pita naye ukutani. Usikifuate chakula moja kwa moja, kizunguke."

Tukaenda hivyo dakika kadhaa, mimi nimesimama nyuma yake kama kocha. Mwisho akajigonga. Akashusha pumzi, akanipa simu.

"Haya. Kaa ucheze nione."

Rekodi iliyoandikwa pale ilikuwa 1,240. Nikaanza, nikafa ndani ya sekunde kumi. Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. "Sita inataka nguvu," akasema. Kumbe kitufe cha sita kilikuwa kimekufa nusu na hakuniambia.

Nikaanza upya. Safari hii nikakaa sawa.

Baba mdogo alipoona nimechelewa akaja kunitafuta. Alipotukuta akainama sikioni kwangu: "Mwanangu, shindwa. Mke yuko hapo."

Nilikuwa nimefika 1,100. Kiukweli niliwaza kushindwa. Mkwe hashindwi na mtoto, hiyo ni adabu. Lakini mzee alikuwa ameniegemea bega, anafuata kila kona. Mtu aliyecheza kiasi kile angejua nimemwachia, na mimi ningekuwa nimeingia kwenye ukoo wake kwa kumdanganya.

Nikaendelea. 1,200. 1,240. Nikapita. Nikaja kufa kwenye 1,310.

Baba mdogo alifumba macho.

Mjomba akachukua simu, akaitazama muda mrefu. Kisha akaita kwa nguvu kuelekea jikoni: "Dada, njoo uone. Rekodi yako imevunjwa."

Akatoka mama yake Vero, mikono imejaa unga. Akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Ni wewe?"

"Ndiyo mama. Nisamehe."

"Kitufe cha sita kilikuwa hivi hivi kibovu?"

"Hivi hivi mama."

Akaguna, akamwambia kaka yake: "Leo usiku hulali na simu hii. Niachie." Akarudi kwenye ugali wake.

Baba mdogo naye akarudi ndani. Tulipobaki wawili, mjomba akanieleza jambo ambalo sikulitegemea. Yeye na huyo dada yake waliwahi kugombania mpaka wa shamba, wakakaa miaka miwili bila kusemezana. Wanapishana kisimani, kimya. Siku moja mzee akasahau simu kwenye msiba wa jirani, dada yake akaiokota. Ilipomrudia akakuta rekodi yake imevunjwa. Akashindwa kuvumilia, akaenda mpaka mlangoni kwa dada yake kuuliza nani kamchezea simu.

"Ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia baada ya miaka miwili," akasema. "Mpaka wa shamba tuliumaliza wiki ile ile."

Akaniuliza: "Hao wanaokuja kwako, wanagombana?"

"Mara nyingi mzee."

"Halafu?"

"Kesho yake wanarudi, wanakaa benchi moja."

Akaitikia kwa kichwa, akasimama kwenda ndani kwa baba mdogo. Tuliondoka pale na jibu, na mkungu wa ndizi juu ya pikipiki.

Nilimuuliza Vero kwa nini hakuniambia kuhusu ile simu. Akasema, "Ungejiandaa. Nilitaka wakuone ulivyo."

Tumeoana, tuna mtoto mmoja wa kike. Mjomba alishuka Mikumi mwaka jana kutusalimia, nikampeleka bandani. Akashika padi kwenye gemu ya mpira, dereva mmoja wa lori akamfunga saba bila. Hakukasirika. Alimuuliza tu yule dereva anatokea wapi, na nilipofunga banda walikuwa bado wanaongea mambo ya mbolea.

Kwa hiyo jibu langu ni gemu ya nyoka. Najua haina picha nzuri, haina story, haina level za maana. Nilichojifunza ni kwamba tunabishania gemu kwa kuangalia skrini, wakati uzuri wake mwingi uko kwa mtu aliyekaa pembeni yako.

Matusi nayapokea, uwanja ni wenu. Taja gemu yako bora, ila useme pia ulikuwa unacheza na nani.