Simu Iliyokatika Kwenye Salamu

Kila nikikumbuka msimu ule wa viazi damu inanichemka. Nilikuwa mratibu wa watu waliojitolea, wa Mbeya na wa Iringa, katika programu ya bure tuliyoitengeneza wenyewe. Hali ya hewa ikielekea kuleta ugonjwa wa ukungu wa viazi, programu inawapigia wakulima simu na kuwasikilizisha onyo lililorekodiwa kwa lugha ya kwao. Kuratibu watu usiowalipa ni kubembeleza tu. Ukiuliza jambo kwenye kundi wote wanajibu sawa, kisha kila mmoja anafanya lake.

Onyo la Kihehe alilirekodi mwalimu mstaafu wa Ipogolo, mama mwenye sauti tulivu. Kama yeyote aliyelelewa kwetu, alianza na kamwene, salamu ya Kihehe, akauliza wameamkaje, akaulizia watoto, ng'ombe, mvua, akaomba radhi kwa usumbufu, ndipo akasema: pigeni dawa leo, ukungu unakuja. Nililisikiliza nikaliona zuri. Lakini mwenzetu wa Uyole, Mbeya, aliyeandika programu yenyewe, alikuwa ameweka kikomo cha nusu dakika kwa kila simu bila kumwambia mtu. Simu zikatoka, zikakatika mwalimu akiwa bado anaulizia ng'ombe.

Mama yangu analima viazi Kilolo, na shamba hilo ndilo linalomlisha mwaka mzima. Nilipompigia, upande wa bondeni majani yalishakuwa meusi. Nikamuuliza kama alipata simu yetu.

"Niliipata, mwanangu. Ana adabu yule mama. Nikangoja aseme shida yake, ikakatika."

Kwa hasira nikasahau hata kumwambia apige dawa upande wa juu, nikaitisha kikao kwa simu, nikafoka bila kuchagua maneno. Yule wa Uyole akasema kosa ni la salamu, mashine haina haja ya kuamkia watu. Mwalimu akasema hawezi kumpigia mtu mzima na kuanza kumwamrisha kama anafukuza kuku. Wengine wakaandika sawa kwenye kundi. Sawa ya nini? Nilitamani kuitupa simu ukutani. Nikaagiza salamu moja fupi, kisha onyo, na mwalimu akakubali kurekodi upya Jumapili baada ya ibada. Wote wakajibu sawa, na yule wa Uyole akiwemo.

Hakungoja Jumapili. Alichukua rekodi ileile ya zamani, akaondoa salamu zote, akabakiza maneno ya mwisho, akairusha kwa wakulima. Kwa akili yake alikuwa ametusaidia, na mpaka leo sijamsamehe. Nilipogundua, nilimpigia mama mbiombio, nikiomba angalau upande wa juu wa shamba, ambao ulikuwa bado mzima, uwe umeshapigwa dawa.

Akaniambia kuna mtu alimpigia asubuhi ile, hata kamwene hakuna, anaanza tu kumwambia pigeni dawa.

"Nikamkatia. Mtu hanisalimii, ananitakia mema gani?"

Nikamwambia aende shambani sasa hivi na bomba la dawa. Akasema ametoka huko, na majani ya juu nayo yameshaanza kuwa meusi. Alisema bila kulalamika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kisha akaniuliza kama namfahamu yule mama mwenye adabu, na kama najua atapiga lini amalizie shida yake.