Mama Yake Bibi Kwenye Shuka la Gereji

Juzi nilipita Pearland, kando ya Houston, kwenye nyumba tuliyoishi nikiwa mtoto. Wenye nyumba wa sasa wamebadilisha mlango wa gereji. Nilisimama pale nje kama mjinga, rafiki yangu, maana ndani ya gereji ile ndimo nilimomwona mama yake bibi.

Bibi alitujia kutoka Tanga mwaka 2017, na mkebe wa filamu ndani ya begi lake. Zamani, enzi za picha zisizo na sauti, wageni walipiga filamu kijijini kwao, wakamchezesha mama yake, wakati huo msichana tu. Aliigiza mama anayeuguza mtoto hadi anamfia mikononi. Picha yake nyingine haikuwapo.

Jumamosi moja, mama alipotoka zamu hospitali, gereji nzima ilinukia vitumbua. Jirani yetu Mkongo alileta projekta yake kuukuu, ikanguruma kama cherehani, na shuka jeupe likapata uhai.

"Bibi, mbona ha-talk?" mdogo wangu aliuliza.

"Anaongea, mjukuu wangu. Sisi ndio hatumsikii."

Kisha bibi akamsemea mama yake, taratibu, akifuatisha midomo yake: "Nyamaza mwanangu, kutakucha." Hata baba, asiyependa machozi, alijifanya anatafuta chumvi.

Mwaka huohuo maji ya mafuriko yakaingia Houston, na kwetu pia. Tulitolewa kwa boti, tukahifadhiwa na shangazi, mji wa mbali wa Grand Prairie. Tuliporudi, mazulia yalikuwa yameoza na mkebe umejaa tope. Baba alipoukunjua utepe, picha zilibanduka kama utando wa maziwa. Bibi akakinga kiganja.

"Leo ndiyo nimefiwa," alisema.

Baba aliandikia maktaba za filamu, huku na Ulaya. Zote zilijibu kwamba hazijui nakala nyingine.

"Wamesemaje?" bibi aliuliza kila mara.

"Bado wanatafuta, mama."

Aliingoja filamu ile mpaka akafariki, 2020, tukamzika watu wachache tuliosimama kila mmoja mbali na mwenzake, barakoa usoni.

Sasa mdogo wangu anashikilia kwamba yule mama wa kwenye filamu alivaa shanga shingoni. Mimi namkumbuka shingo tupu. Tukikutana tunabishana. Kila mwaka uso wake unanififia zaidi, na aliyeweza kutuambia nani kati yetu anakosea hayupo.